Kutoa figo kwa ndugu: kikao ambacho Masasi na Newala hawajakaa

Rais wa zamani Benjamin Mkapa alizaliwa Lupaso, wilayani Masasi, mwaka 1938, na huko huko akazikwa Julai 2020. Hospitali yenye jina lake jijini Dodoma ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 kwa kushirikiana na madaktari kutoka Japani. Hospitali ya Muhimbili ilikuwa imetangulia Novemba 2017, ikisaidiwa na wataalamu wa India, nchi ambako Watanzania wengi walikuwa wakipelekwa kupata tiba hiyo. Jina la mtoto wa Masasi limo katika safari hii, lakini nyumbani kwao habari ya kutoa figo bado haijapata nafasi katika mazungumzo ya familia.

Katika baadhi ya nchi za Ulaya mtu hujiandikisha akiwa mzima ili viungo vyake vitumike akifa. Kwetu njia ni nyingine: anayetoa ni mtu aliye hai, na kwa kawaida ni ndugu wa mgonjwa. Kwa hiyo uamuzi unaishia kwenye mkeka wa ukoo, mgonjwa akiwa tayari amedhoofika, akiunganishwa na mashine ya kuchuja damu takriban mara tatu kwa wiki. Saa hiyo watu huamua kwa hofu, kwa aibu au kwa kusukumwa.

Wamakonde, Wamakua na Wayao wa maeneo haya wana desturi ya kuhesabu ukoo kwa mama, na sauti ya mjomba ni nzito. Mjomba asiyeelewa kipimo wala upasuaji atakataa, na kukataa kwake kunaweza kufunga mlango kwa wote. Ni vema pia ajue kwamba maumbile hayachagui upande. Mtoto hurithi nusu ya alama za tishu kwa mama na nusu kwa baba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Baba na shangazi nao waitwe kikaoni.

Hofu za watu zina mizizi, na hazistahili kubezwa. Wazee walikua wakisikia habari za mumiani, wanyonya damu waliodaiwa kutumwa na wakubwa. Kizazi cha leo kimeshuhudia nchi hii ikilia kwa mauaji ya watu wenye ualbino, waliokatwa viungo kwa tamaa ya utajiri wa kishirikina. Mtu aliyeishi na habari hizo akiambiwa atoe kiungo, lazima aulize: kinakwenda wapi, kwa nani, na nani anafaidika? Anastahili kujibiwa kila swali.

Kuna pia hofu ya biashara. Mkulima wa korosho anaijua kangomba: mlanguzi humfuata wakati wa njaa, kabla ya msimu, akanunua kwa bakuli na kwa bei ya kutupa. Biashara ya figo huwinda shida ya maskini kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret kutokana na tuhuma za figo kuuzwa. Azimio la Istanbul la 2008 linalaani biashara hiyo. Figo hutolewa kwa hiari, bila malipo, na mtoaji ana haki ya kubadili nia hadi dakika ya mwisho.

Je, mwenye figo moja atashika jembe? Atashika, mradi alipimwa vizuri: shinikizo la damu, sukari, maambukizi, na afya ya figo zote mbili. Inayobaki huongeza kazi. Lakini atapumzika wiki kadhaa bila kubeba mizigo, na atahitaji kupimwa mara kwa mara maisha yake yote. Familia ijue mapema nani atapalilia na kupulizia mikorosho. Mpokeaji naye hunywa dawa kila siku ili mwili usiikatae figo mpya. Akiziacha, sadaka ya nduguye inaweza kupotea.

Dini hazijafunga njia. Baraza la wanazuoni wa fiqhi lililokutana Jeddah mwaka 1988 liliruhusu utoaji wa viungo kwa masharti, na Papa Yohane Paulo wa Pili aliusifu kama tendo la upendo. Masheikh na mapadri wakilieleza hili, watasikilizwa kuliko bango lolote.

Eneo hili limewahi kujifunza kuuamini upasuaji. Daktari Leader Stirling alifika Lulindi, Masasi, mwaka 1935, akapasua wagonjwa katika mazingira magumu, na baadaye akawa Waziri wa Afya. Watu waliwaona jirani zao wakirudi wazima. Leo waliotoa figo na waliopokea wapewe nafasi ya kuzungumza na wananchi, na kliniki za presha na sukari za Mkomaindo, Ndanda na Newala ziwe mahali pa kuelezea jambo hili, maana maradhi hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuharibu figo.

Kikao cha ukoo kifanyike sasa, wakati hakuna aliye kitandani. Anayekubali aelezwe faida na hatari zote bila kufichwa. Anayekataa aheshimiwe, asitengwe wala kulaumiwa msibani. Pale ambapo mtu anaweza kusema hapana bila kuogopa, ndipo ndiyo ya mwenzake inapoaminika.