Amechangamka, Dawa Aache Lini?

Swali hili huniletea ndugu, mgonjwa mwenyewe haulizi. "Daktari, sasa anakula, kazini anakwenda. Dawa aache lini?" Nikisema kuchangamka si sababu ya kuacha, shangazi mtu hukunja uso. Anachoogopa nakijua: mwili utazoea, mtoto awe teja wa vidonge.

Dawa yenyewe ni lithiamu, wanayopewa wengi wenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na baadhi ya wenye sonona inayorudirudi. Na hili la uteja limenichosha. Teja huongeza dozi akitafuta raha ileile, na akiikosa huhangaika usiku kucha. Lithiamu ni chumvi ya madini. Hailevyi, haina raha ya kutamaniwa, na hakuna aliyewahi kuiba simu ya mtu kwa ajili yake. Watu huona ugonjwa umerudi baada ya dawa kuachwa, wakadhani dawa ndiyo iliyomkamata mgonjwa. Mbona mwenye presha akiacha vidonge ikapanda hamwiti teja? (Na wa presha nao wanaacha, najua.)

Tena hapa kinachorudi kinaweza kuwa hamu ya kufa. John Cade wa Australia alipoandika kuhusu lithiamu mwaka 1949, alikuwa akitibu watu waliochangamka kupita kiasi. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba wanaoitumia hujiua kwa nadra zaidi. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliojumlisha majaribio 48, yenye watu zaidi ya 6,600, uliona hivyohivyo ulipoilinganisha na vidonge visivyo na dawa. Jaribio la Marekani lililotangazwa karibu miaka kumi baadaye, kwa wanajeshi wastaafu, halikuona faida, ingawa wengi wao dawa ilikuwa kidogo kwenye damu. Kwa hiyo bado tunabishana. Ila kuhusu kuacha ghafla hatubishani: wagonjwa waliofuatiliwa baada ya kuacha walijaribu kujiua mara nyingi zaidi, hasa mwaka wa kwanza, na hatari ilikuwa ndogo zaidi kwa waliopunguza taratibu.

Halafu kuna "kusafisha sumu ya dawa". Mama anapunguza vidonge kimyakimya, jioni anampa kijana kikombe cha mitishamba kinachomharisha hadi asubuhi. Damu haikusafishwa. Mwili ukikauka, figo huing'ang'ania lithiamu, kiwango chake kikapanda, na kijana akaletwa kwangu anatetemeka mikono na kuyumba kama mlevi. Naambiwa, "Unaona, daktari, dawa zako hizo!" Dawa zangu, kikombe chenu.

Sasa ya kufanya. Damu ipimwe saa 12 baada ya kidonge cha mwisho. Wengi tunawalenga kati ya milimoli 0.6 na 0.8 kwa lita. Figo na tezi ya shingo, kila miezi 6. Maji ya kutosha, chumvi ya chakula isikatwe ghafla. Kichwa kikiuma, paracetamol. Diclofenac na ibuprofen za duka la dawa hapana, na dawa mpya ya presha asianze kabla hajasema anatumia lithiamu. Anayetaka kufunga Ramadhani au kubeba mimba aje kabla. Akitapika, akiharisha au akiyumba, hospitali siku hiyohiyo. Figo zikikataa, zipo njia nyingine: quetiapine, au tiba ya umeme, ambayo siyo adhabu mnayoiona kwenye filamu. Vidonge vya sonona peke yake vinaweza kumrusha mwenye baipola juu kupita kiasi, na kijana wa chini ya miaka 25 anayevianza aangaliwe kwa karibu wiki za mwanzo. Akitaka kuacha kweli, tutapunguza pamoja kwa miezi. Dawa nyingi zisirundikwe chumbani kwake. Achukue chache chache, azitunze ndugu. Na muulizeni waziwazi kama anawaza kujiua, maana kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake hata kidogo. Mleteni usiku huohuo, msingoje siku ya kliniki.