Kifaru cha sentimita ishirini na vumbi lake

Bodi ya kifaru cha Kijerumani aina ya Panther ilikuwa na urefu wa karibu mita 6.9, ukiacha mzinga unaotokeza mbele. Kwa kipimo cha 1/35 bodi hiyo inabaki sentimita 20 hivi, na askari wa sentimita 175 aliyesimama kando yake anakuwa na kimo cha sentimita 5. Sehemu za modeli hutoka kiwandani zikiwa za plastiki ya rangi moja, zimeshikana kwenye fremu. Hukatwa moja moja, hupigwa msasa, kisha huunganishwa kwa gundi. Hiyo ni kazi ya siku chache. Kinachofuata, yaani kukipaka kifaru rangi na kukichakaza mpaka kionekane kimetoka vitani, huweza kula miezi, na hapo ndipo wapenzi wa burudani hii wanapomaliza muda na fedha zao.

Kuchakaza hapa ni kuiga kwa rangi kile ambacho jua, mvua, kutu, mafuta, tope na viatu vya askari hukifanyia chuma kilichopakwa rangi. Fundi anayeijua kazi haweki doa pasipo na sababu ya doa. Rangi huchubuka ukingoni mwa mlango wa juu kwa kuwa hapo ndipo askari anapokanyaga akipanda na kushuka. Katikati ya bamba la ubavuni, mahali pasipofikiwa na mguu wala mkono, haichubuki hivyo. Mafuta humwagika kuzunguka kifuniko cha tangi, moshi huacha weusi nyuma ya ekzosi, na maji ya mvua hushuka chini. Michirizi inayokwenda ulalo kwenye ubavu wa modeli huonyesha mara moja kwamba mwenye kazi alikuwa anacheza na brashi tu.

Kipimo cha 1/35 chenyewe kina asili ya ajabu kidogo. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 ikifanya biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, na mwaka 1960 ikajaribu plastiki kwa modeli ya manowari Yamato, ambayo haikuilipa. Muda mfupi baadaye ikatoa Panther inayotembea kwa mota, na ukubwa wa modeli hiyo uliamuliwa na betri: bodi ilibidi iwe pana kiasi cha kuzimeza. Hesabu ilipopigwa, ikaonekana ni takriban 1/35. Leo viwanda vya Japani, China, Poland, Ukraine na kwingineko vinafuata namba hiyo iliyozaliwa na betri. Vipo pia vipimo vya 1/72 na 1/48 kwa wenye meza ndogo, na 1/16 kwa wenye chumba kizima. Maonyesho yanayovuta watu wengi hufanyika Shizuoka kila Mei na Telford, Uingereza, kila Novemba.

Swali la kwanza mezani ni rangi ipi ilikuwa rangi halisi, nalo limezua ugomvi mwingi kuliko faida. Mfano mzuri ni jeshi la Ujerumani. Hadi mwanzoni mwa 1943 magari yake ya deraya yalitoka kiwandani yakiwa ya kijivu cheusi. Februari mwaka huo ikaja amri ya kuyapaka njano iliyofifia, na vikosi vikapewa rangi nyingine mbili, kijani na kahawia nyekundu, zikiwa nzito kama uji mzito, ili askari wenyewe wapulizie mabaka. Uji huo ulizimuliwa kwa maji au kwa petroli, kutegemea kilichokuwa karibu. Mzimuo mwepesi ulitoa baka linaloonyesha njano ya chini. Mzito ulitoa baka lililokolea. Uliotengenezwa kwa maji mvua iliweza kuuosha. Vifaru viwili vya kikosi kimoja viliweza kutofautiana ndani ya wiki moja, na bado wapo watu wanaobishana miaka kuhusu tone moja la rangi kwenye kichupa.

Majumba ya makumbusho nayo hayamalizi ubishi. Tiger 131, kifaru kilichotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa kiko Bovington, Uingereza, kimepakwa upya katika matengenezo, kwa hiyo anayekipiga picha ili anakili rangi yake ananakili uamuzi wa warekebishaji. Picha za wakati wa vita, zilizo nyingi za nyeusi na nyeupe, zinaeleza vizuri zaidi uchafu ulikaa wapi kuliko rangi ilikuwaje. Juu ya hayo, kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kitu kikubwa huonekana cheusi kuliko asili yake, ndiyo maana mafundi wengi huongeza nyeupe kidogo au rangi ya mchanga kabla ya kupuliza.

Kazi yenyewe inasimama juu ya kanuni moja ya kikemia: tabaka la juu lisiyeyushe tabaka la chini. Rangi za akriliki huzimuliwa kwa maji au spiriti, na zikishakauka tapentaini haizigusi. Rangi za enameli na zile za mafuta za wachoraji huyeyuka kwa tapentaini lakini haziogopi maji. Fundi huzipokezanisha: msingi wa akriliki, uchafu wa mafuta juu yake, vanishi ya akriliki katikati kama ukuta, kisha mafuta tena. Anayesahau mpangilio huo huiona kazi ya wiki mbili ikigeuka tope chini ya brashi. Thina kali ya gereji, ile ya kupulizia magari, haina nafasi katika hatua hizi. Ikidondoka hula rangi na plastiki yenyewe.

Kwanza hupulizwa praima, ambayo huipa rangi kitu cha kushika na kufichua mikwaruzo iliyopita machoni. Halafu rangi ya msingi, kwa bomba dogo la kupulizia lenye mdomo wa milimita 0.2 au 0.3 na kompresa, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nene linaloziba ribiti na mishono ya weldi. Dirisha liwe wazi na barakoa usoni, maana rangi inayopulizwa huingia mapafuni hata kama haina harufu.

Namba na alama za kikosi huwekwa kwa stika za maji. Stika huloweshwa sekunde chache, kisha hutelezeshwa mahali pake kwa brashi. Ikibandikwa juu ya rangi isiyong'aa, hewa hunaswa kwenye vinyweleo vya rangi, na ukingo wake hubaki unametameta kama plastiki ya kufungia sandwichi. Ndiyo sababu vanishi ya kung'aa hutangulia, hata kama kifaru kizima kitakuja kufifishwa mwishoni.

Baada ya hapo huja michubuko, na kisa kinachoieleza vizuri kilitokea Libya. Vikosi vya kwanza vya Wajerumani vilipotua Tripoli Februari 1941, magari yao yalikuwa ya kijivu kile cha Ulaya. Askari waliyapaka tope wayafiche, na rangi za jangwani zikafuata. Njano ikawa imekalia kijivu, na kila ilipokwanguliwa na mchanga au buti, kijivu kilichungulia. Kuiga hali hiyo, fundi hupuliza kijivu, juu yake dawa ya kupuliza nywele iliyo dukani kwa vipodozi, kisha njano ya akriliki. Njano ikishakauka lakini kabla haijakomaa, hulowesha ukingo kwa maji na kuusugua polepole kwa brashi ngumu. Maji hupenya, dawa ya nywele inalainika, njano inang'oka vipande vipande visivyo na umbo la kupangwa. Mkono wa binadamu ukichora michubuko kwa brashi huelekea kuipanga. Maji hayana tabia hiyo. Njia hiyohiyo hutumika kwa chokaa nyeupe iliyopakwa vifaru wakati wa theluji huko Urusi.

Michubuko midogo hugongwa kwa kipande cha sponji kilichochovywa kahawia iliyokoza na kukaushwa kwanza kwenye karatasi. Ukubwa ndio mtihani. Nukta ya nusu milimita kwenye modeli ni mchubuko wa karibu sentimita 2 kwenye gari halisi. Nukta za milimita 2 zikitapakaa kila mahali, kifaru huonekana kimeugua ndui.

Mishono na ribiti hutolewa kwa maji ya rangi, yaani rangi ya mafuta iliyozimuliwa mno. Brashi nyembamba hugusa penye ribiti moja tu, na kioevu hukimbia chenyewe kando ya mshono kama wino kwenye ufa wa ukucha. Kinachozidi huachwa dakika kumi na tano au ishirini, kisha hufutwa kwa brashi yenye unyevu wa tapentaini, kila mara kutoka juu kwenda chini, ili mabaki yake yawe michirizi. Wengine huweka vinukta vya rangi za mafuta, nyeupe, njano ya udongo, buluu na kijani, na kuvivuta hadi vikaribie kupotea. Kinachobaki ni mabadiliko hafifu ya rangi yanayofanya bamba kubwa lisionekane kama kipande cha plastiki. Rangi hizo huachwa kwanza juu ya kipande cha kadibodi kinyonye mafuta yake, la sivyo hukauka zikiwa zinang'aa.

Vumbi na tope huja mwishoni, na hapo ndipo historia ya gari inapoandikwa. Gari la deraya la Marmon-Herrington, lililoundwa Afrika Kusini juu ya vyuma vya Ford, ni mfano ulio karibu na msomaji wa Afrika Mashariki, na kiwanda cha IBG cha Poland kimetoa modeli zake za 1/35. Mwanzoni mwa 1941 majeshi ya Afrika Kusini yalivuka kaskazini mwa Kenya, kupitia upande wa Marsabit na nyika ya Chalbi, kuelekea Ethiopia. Chalbi ni udongo mkavu mweupe wenye chumvi. Mji wa Mega huko Ethiopia ulitekwa Februari mwaka huo katika mvua kubwa iliyoyasumbua magari kwenye tope. Modeli ya gari la safari hiyo inahitaji tabaka mbili kwa mfuatano uleule: kwanza vumbi jeupe lililoingia kila kona hadi juu ya paa, kisha tope bichi kuanzia magurudumu hadi nusu ya ubavu, likiwa limelifuta vumbi mahali liliporuka. Vichupa vya tope vinavyouzwa vikiwa tayari vimetengenezwa kwa kuifikiria Ulaya: kahawia na kijivu cha Urusi au Normandy. Kwa ardhi nyekundu ya bara la Afrika Mashariki, fundi huchanganya mwenyewe unga wa rangi ya tofali na njano ya udongo.

Vumbi ni unga mkavu wa rangi unaopakwa kwa brashi laini na kushikizwa kwa tone la tapentaini pembezoni, ambalo husambaa lenyewe. Tope ni unga uleule uliochanganywa na plasta na gundi ya akriliki. Brashi ikichovywa humo na kupulizwa kwa hewa ya kompresa karibu na kijiti cha meno, hurusha matone madogo yanayofanana na yale yanayorushwa na gurudumu. Tone moja la milimita 1 ni bonge la sentimita 3.5, mawili matatu yanatosha. Tope kavu ni jeupe zaidi kuliko bichi, na gari lililotembea siku kadhaa huwa na yote mawili.

Minyororo ya kifaru ni suala jingine. Haipakwi rangi ya gari. Ni chuma kinachopata kutu usiku na kusuguliwa asubuhi. Sehemu inayogusa ardhi hung'aa, na penseli laini ya kawaida ikipitishwa juu ya meno yake hutoa mng'ao wa chuma vizuri zaidi kuliko rangi ya fedha. Kutu nzito ikae kwenye ekzosi, ambako moto huunguza rangi na bati ni jembamba. Modeli nyingi za maonyesho zimejaa kutu ya rangi ya machungwa hadi kwenye mzinga, jambo linalofaa mabaki yaliyotelekezwa miaka mingi. Vifaru vya Vita Kuu ya Pili havikuishi muda huo. Vingi viliungua au kupelekwa karakana kabla kutu haijapata nafasi.

Ladha nazo zimebadilika. Tangu miaka ya 1970, François Verlinden wa Ubelgiji aliwafundisha wengi maji ya rangi na brashi kavu inayopitishwa juu ya kingo, huku Mmarekani Shep Paine akifanya mandhari nzima kuwa hadithi. Baadaye Wahispania, Mig Jiménez akiwa maarufu kati yao, walileta mtindo wa kufifisha juu na kukoleza chini ya kila bamba, kana kwamba taa iko kichwani mwa kifaru. Katika picha mtindo huo hupendeza sana. Mezani huleta tatizo: ukiizungusha modeli, mwanga wa rangi haukubaliani na mwanga wa dirishani.

Modeli ikikamilika haifunikwi tena kwa vanishi, kwa sababu unga wa vumbi ukiloa hugeuka giza na kutoweka. Huwekwa ndani ya sanduku la kioo, mbali na jua, maana vumbi la nyumbani halina kipimo. Uzi wa nguo ukitua juu ya mzinga wa 1/35 ni kamba nene, na chembe ya mchanga kutoka mlangoni ni jiwe la kujikwaa.