Je, Wajua? Kinachoua Spika za Zamani

Je, wajua kuwa spika nyingi za miaka ya 1970 zinazotupwa leo zimeharibika kitu kimoja tu, nacho ni ukanda wa sponji usiozidi upana wa vidole viwili? Ukanda huo, uitwao ukingo, ndio unaoishikilia koni ya wufa, kipaza sauti za chini, kwenye fremu yake na kuiacha icheze mbele na nyuma. Kampuni nyingi zilianza kutumia sponji ya poliurethani mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kuwa ni nyepesi, laini na rahisi kuunda. Adui yake ni unyevu wa hewa. Mvuke huivunja kikemia kidogo kidogo, mwanga wa jua nao ukisaidia, hata baada ya miaka 15 au 20 ukiigusa inabaki unga wa kahawia unaonata kidoleni. Spika iliyofungiwa stoo bila kupigwa hata wimbo mmoja huoza vilevile. Mwenye spika Mombasa, Tanga au Unguja asishangae zake zikitangulia kuoza kabla ya za nduguye aliyeko Nairobi au Arusha.

Dalili yake ni mkoromo kwenye besi. Ukingo ukishaoza, koni hupinda na koili iliyo nyuma yake husugua chuma cha sumaku. Ukiusikia mkoromo huo, zima. Ukizima mapema, kazi iliyobaki ni ya gundi na ukingo mpya tu. Ukiendelea kupiga, koili itachunika na kukatika, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Kubadilisha ukingo ni kazi ya subira kuliko ya nguvu. Mabaki ya sponji hukwanguliwa, gundi kuukuu hufutwa mpaka karatasi ya koni ionekane safi, ndipo ukingo mpya hubandikwa. Ugumu uko katika kuiweka koili katikati, maana mwanya wa sumaku inamochezea haufiki hata milimita moja kila upande. Fundi makini hung'oa kwanza kofia ya vumbi iliyo katikati ya koni, akaingiza vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili, na kuviacha humo mpaka gundi ikauke. Wengine huipigia wufa sauti ya chini sana, ya Hezi 30 hivi, koni ikawa inapumua polepole wakati gundi inashika, nao wakitega sikio kama kuna mkwaruzo. Njia zote mbili ni nzuri. Isiyofaa ni ya kubandika kwa kukisia kwa macho.

Kioja cha pembeni: spika ya JBL L100 ya mwaka 1970 ilipendwa sana kwa kava lake la mbele la sponji yenye vijumba, la rangi ya chungwa, buluu au kahawia. Kava hilo nalo likaoza. Wufa yake, kwa kuwa ilikuwa na ukingo wa kitambaa, ikabaki nzima.

Je, wajua kuwa spika iliyoyapunguza makasha ya dunia ilianza na kitambaa cha godoro? Edgar Villchur, mwalimu katika Chuo Kikuu cha New York, alikuwa akilitafakari tatizo moja. Wufa za wakati wake zilitegemea ukakamavu wa ukingo kuirudisha koni mahali pake, na ukakamavu huo haulingani: koni ikienda mbali, hurudishwa kwa nguvu isiyo na uwiano, na besi inachafuka. Akaona heri aulegeze ukingo kabisa, alifunge kasha lisivuje hata kidogo, na kuiachia hewa iliyofungiwa ndani kazi ya kuirudisha koni. Hewa husukuma kwa ulinganifu ambao kitambaa hakiuwezi. Kwa jaribio la kwanza, yeye na mkewe Rosemary walitengeneza ukingo kwa kitambaa cha kuvalishia godoro.

Mwaka 1954 Villchur na Henry Kloss, aliyekuwa mwanafunzi wake, walianzisha kampuni ya Acoustic Research mjini Cambridge, Massachusetts, wakatoa AR-1. Kasha la kukaa kwenye rafu ya vitabu likatoa besi ambayo awali ilihitaji kasha la ukubwa wa jokofu. AR-3 iliyofuata mwaka 1958 ilileta twita, yaani kipaza sauti za juu, ya kuba, umbo ambalo leo limejaa kwenye spika za majumbani kote, na mfano wake umehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Villchur alipoachana na biashara ya spika mwaka 1967, aligeukia vifaa vya kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu, akachapisha matokeo ya utafiti wake bila kuyawekea hataza ili kila mtengenezaji ayatumie. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa zaidi.

Anayefufua spika ya aina hii lazima alielewe wazo hilo, kwa sababu kasha likivuja, hata kwenye tundu la skrubu, besi imekwenda. Kipimo chake hakihitaji kifaa. Bonyeza koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, kisha iachie. Ikirudi polepole, kasha liko salama. Ikirudi papo hapo, hewa inatoroka. Wapo wanaolitoboa kasha la namna hii wakidhani besi itaongezeka, kwa kuwa wameona spika nyingine zina tundu. Spika yenye tundu ilikokotolewa iwe nalo tangu mwanzo. AR ikitobolewa imeharibiwa. Na kabla ya kutangaza kuwa twita ya AR imekufa, zungusha mara nyingi vile vitufe vya kurekebishia sauti vilivyo mgongoni. Mara nyingi kilichoikata sauti ni kutu iliyomo ndani ya vitufe hivyo.

Je, wajua kuwa vita vya Kolwezi vilibadilisha sumaku za spika duniani? Spika bora za miaka ya 1940 hadi 1970 zilitumia aliniko, mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli, kobalti na chuma. Katika aliniko 5, iliyotumika sana, kobalti ni karibu asilimia 24. Mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani alikuwa Zaire, Kongo ya leo, kutoka machimbo ya mkoa wa Shaba, ile Katanga ambako Kiswahili ndicho lugha ya mtaani na mgodini. Mei 1978 waasi waliokuwa na kambi zao Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Askari wa miavuli wa Ufaransa walishushwa, mji ukakombolewa, lakini watu wengi walikuwa wameuawa, wataalamu wa migodi wamekimbia, na bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa.

Watengenezaji wa spika wakakimbilia feriti, sumaku inayofinyangwa kwa oksidi ya chuma pamoja na bariamu au stronti, vitu vya bei nafuu. JBL ilisanifu upya umbo la chuma kinachoizunguka sumaku ili sauti isidhoofike. Ndiyo sababu wufa mbili za kampuni moja, moja ya 1975 na nyingine ya 1982, zinaweza kuwa na migongo tofauti kabisa: aliniko kwa kawaida ni donge refu lililofichwa ndani ya kikombe cha chuma, feriti ni duara jeusi lililo wazi. Tofauti hii inamgusa fundi. Aliniko hupoteza sehemu ya nguvu zake ikitenganishwa na chuma chake au ikipigwa muziki kwa nguvu ya kupita kiasi, na kuirudishia nguvu kunahitaji mashine maalumu. Feriti ni sugu zaidi kwa hilo. Basi wufa ya aliniko ifanyiwe kazi upande wa koni, nyuma isiguswe. Anayeiona kwenye meza ya vyuma chakavu ajue kuna kipande cha Katanga ndani yake.

Je, wajua kuwa kimiminika kilichobuniwa kwa ajili ya roketi kimo ndani ya twita nyingi? Mwaka 1963 Steve Papell wa NASA alitengeneza kimiminika chenye chembe ndogo mno za sumaku, akitafuta njia ya kuvuta mafuta ya roketi kwa sumaku mahali pasipo na uzito. Roketi hazikukitumia hivyo, ila watengenezaji wa spika walikiona kinafaa: ukikitia kwenye mwanya wa twita, sumaku hukishika hapohapo, nacho hupoza koili na kutuliza mtikisiko. Baada ya miongo kadhaa hukauka na kuwa ute mzito, twita ikawa dhaifu, na mwenye spika akadhani masikio yake yamezeeka. Ute huo hufutwa kwa karatasi inayonyonya, kisha hutiwa kimiminika kipya chenye uzito uleule. Twita zisizokuwa nacho tangu kiwandani zisitiwe.

Sasa tuje kwenye kapasita, ambako fedha nyingi hupotea. Ndani ya kasha kuna krosova, saketi ndogo inayozipeleka sauti za chini kwenye wufa na za juu kwenye twita. Koili zake za shaba hazizeeki. Kapasita za elektroliti huzeeka: kadiri miaka inavyokwenda, thamani yake huhama na ukinzani wake wa ndani hupanda, na sauti za juu hufifia. Kuzibadilisha baada ya miaka 40 ni jambo la busara na la gharama ndogo. Mikrofaradi ziwe zilezile, volti zilezile au zaidi.

Lakini je, wajua kuwa kapasita bora kupita kiasi inaweza kuiharibu sauti? Kapasita mpya ya polipropilini ina ukinzani mdogo sana. Mhandisi wa zamani alisanifu krosova yake akijua kuwa kapasita ya elektroliti ina ukinzani kidogo, akauhesabu. Ukiuondoa, twita inapata nguvu zaidi ya ilivyokusudiwa, na sauti inakuwa kali, inayochosha baada ya nusu saa. Wenye uzoefu huongeza kizuizi kidogo, chini ya omu moja, kuirudisha hesabu ya mwanzo. Mimi nasimama na wahandisi wa zamani katika hili: rudisha kwanza spika ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, isikilize kwa wiki kadhaa, ndipo uamue kama kuna cha kuongeza.

Marekebisho maarufu kuliko yote yaligharimu senti chache. Yamaha NS-10M ya mwaka 1978, yenye koni nyeupe, ilitengenezwa kwa matumizi ya nyumbani na haikupendwa sana huko, ila studio za muziki ziliikumbatia. Sauti zake za juu zilikuwa kali mno, na mhandisi Bob Clearmountain akajulikana kwa kubandika karatasi ya chooni mbele ya twita. Studio nyingi zikamfuata. Yamaha baadaye ikatoa toleo la studio lenye twita iliyotulizwa.

Je, wajua kuwa inchi pekee hazitoshi kununulia wufa ya kubadilishia? Mwaka 1961 Neville Thiele alichapisha Australia njia ya kukokotoa namna wufa na kasha lake zinavyofanya kazi pamoja. Karibu hakuna aliyemsikiliza hadi makala yake ilipochapishwa tena Marekani mwaka 1971, na Richard Small akaiendeleza. Tangu hapo kila wufa ina vipimo vyake: mwako wake wa asili, ulegevu wa ukingo, nguvu ya sumaku. Wufa mbili za inchi 10 zinaweza kuhitaji makasha yanayotofautiana mara mbili au tatu kwa ujazo. Ukimwambia muuzaji inchi peke yake, unacheza bahati nasibu. Ya zamani ikifufuka, ndiyo inayolifaa kasha lile.

Betri ndogo ya volti 1.5 ni kifaa bora cha fundi. Igusishe sekunde moja kwenye waya za wufa, chanya kwa chanya: koni hutoka nje. Ikiwa ya kushoto inatoka na ya kulia inaingia, waya zimepishana, na besi za spika hizo mbili zinauana hewani. Tahadhari: JBL za miaka mingi zilifuata kanuni ya kinyume, koni huingia ndani. Kilicho muhimu ni zote mbili ziende upande mmoja.

Kabla ya kununua chochote, sogeza spika. Paul Klipsch wa mji wa Hope, Arkansas, alilijua hili, na spika yake ya Klipschorn, iliyoingia sokoni mwaka 1946, aliisanifu ikae kwenye kona, kuta mbili za chumba zikiwa sehemu ya tarumbeta yake ya besi. Ukuta mmoja nyuma ya spika huongeza besi, kona huiongeza zaidi. Spika inayovuma kupita kiasi isogezwe mbali na ukuta. Yenye besi nyembamba irudishwe karibu. Na anayetamani amplifaya kubwa akumbuke kuwa wati mara mbili ni ongezeko la desibeli 3 tu. Sikio la kawaida husikia muziki umekuwa maradufu pale wati zinapozidishwa mara 10.

Kwa atakayeanza kazi hii: ifungue spika moja, iache ya pili ilivyo, ili uwe na cha kulinganisha. Piga picha ya kila waya kabla ya kuutoa. Na vipuri vya asili ulivyoviondoa, hata kapasita zilizochoka, vitie kwenye mfuko na uuweke ndani ya kasha, maana atakayeirithi au kuinunua spika hiyo atavihitaji kujua ilivyokuwa.