Kabla Hujatuma: Uhuru wa Kusema na Mkate wa Custom

 

Wazazi kadhaa wamenisimamisha njiani na kuniuliza: "Mwalimu, hizi simu tuwanyang'anye watoto ama tuwaachie?" Nimeona nisijibu haraka haraka. Nitawaeleza kwanza kisa kimoja, na ndani yake kuna kosa langu mwenyewe.

MZEE WA MKATE

Wengi wetu tunaijua Custom, pale Juba. Ndipo tunaposhuka matatu tukienda kutafuta sabuni, madaftari na bando la simu. Karibu na pale kulikuwa na mzee mmoja Msudani aliyeuza mkate. Watoto walimwita Ami, yaani baba mdogo. Yeye alikimbia vita ya Khartoum mwaka 2023, kwa hiyo alikuwa mkimbizi kama sisi, ila alibahatika kupata tanuri. Ukikosa pesa alikuambia tu, "Chukua, utaleta." Mimi nilikuwa na deni lake la mikate miwili.

Tarehe 11 Januari 2025 jeshi la Sudan liliuteka tena mji wa Wad Madani, katika jimbo la Al-Jazirah. Siku hizo video zikaanza kuzunguka kwenye simu, zikionyesha raia wa Sudan Kusini wakiteswa na kuuawa huko. Hazikuwa hadithi za kutunga. Umoja wa Mataifa uliyalaani mauaji hayo, na jeshi lenyewe la Sudan lililaani kile lilichokiita makosa ya watu binafsi.

Video moja ilinifikia usiku. Nilitetemeka. Nikaituma kwenye grupu letu la wazazi na walimu, na chini yake nikaandika: "Tazameni Wasudani wanavyofanya." Maneno matatu tu. Nikazima simu nikalala, nikijiona nimefanya kazi ya haki.

Jioni ya tarehe 16 ghasia zilianza Juba. Maduka ya Wasudani yalivunjwa na kuporwa, watu wakapigwa. Ghasia zikafika na miji mingine. Wasudani wasiopungua 16 waliuawa hapa nchini. Serikali ikapiga marufuku watu kutembea kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Wasudani wengi walilala vituo vya polisi kuokoa maisha yao.

Nilipofika Custom tena, tanuri ya Ami ilikuwa imevunjwa na mlango haupo. Jirani yake aliniambia mzee aliokolewa na polisi, kisha akaondoka. Ameenda wapi, hakuna anayejua. Deni la mikate miwili ninalo mpaka leo.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Ndugu msomaji, nimejiuliza swali hili mara nyingi. Je, nilikosea kuionyesha video? Wale waliouawa Wad Madani walikuwa na wazazi na watoto. Kama kila mtu angenyamaza, nani angejua? Sisi tuliokimbia vita tunajua uchungu wa kufa kimya kimya. Mauaji lazima yasemwe.

Kosa langu lilikuwa kwenye yale maneno matatu. Video ilionyesha watu fulani, mahali fulani, wakifanya ubaya fulani. Mimi nikaandika "Wasudani". Kwa neno hilo moja nikamtoa askari wa Wad Madani nikamweka mzee wa mkate mahali pake. Video ilisema kweli, mimi nikaiongezea uongo. Sijui kama ujumbe wangu ulitoka kwenye grupu ukafika kwa wale vijana walioshika mawe. Labda haukufika. Lakini wa wenzangu wenye maneno kama yale ulifika. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi wenyewe uko kwenye kidole.

REDIO MOJA, SAUTI MBILI

Tusidhani mambo haya yameletwa na Facebook. Aprili 2014, wakati wa mapigano ya Bentiu, kaskazini mwa nchi hii, Umoja wa Mataifa ulieleza kwamba makamanda fulani wa waasi waliingia kwenye redio ya pale wakitangaza kwamba watu wa makabila fulani waondoke mjini, na hata wakachochea wanawake wabakwe. Katika siku hizo raia zaidi ya 200 waliuawa ndani ya msikiti mmoja walimokimbilia. Lakini taarifa hiyo hiyo ilisema kwamba makamanda wengine wa upande ule ule waliingia kwenye redio ile ile wakaomba watu waungane na waache ukabila.

Chombo kilikuwa kimoja. Kilichotofautiana ni mtu aliyeshika kipaza sauti. Leo kila mmoja wetu, hata mtoto wa darasa la saba, ameshika kipaza sauti mfukoni.

SHERIA INASEMAJE?

Kuna wanaosema, "Mkimbizi hana haki ya kuongea, anyamaze ashukuru." Si kweli. Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948, kifungu cha 19, linampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni, wala halikumtoa mkimbizi. Kifungu cha 29 cha tangazo hilo kinakumbusha kwamba kila mtu ana wajibu kwa jamii yake. Katiba ya mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, kifungu cha 24, nayo inalinda uhuru wa kusema, ila inaweka mipaka kwa ajili ya usalama wa umma.

Lakini sisi wakimbizi tuna jambo letu la ziada. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, kifungu cha 3, unasema mkimbizi ana wajibu kwa nchi iliyompokea. Nchi nazo zimekubali kuwazuia wakimbizi kushambulia nchi nyingine ya Afrika kwa silaha, kwa magazeti au kwa redio. Hebu fikirini: mwaka 1969 wakubwa hao waliweka magazeti na redio katika mstari mmoja na silaha! Simu ya mkononi haikuwepo, lakini nadhani tunaelewa.

NA WALE WANAOTAKA KUFUNGA YOTE?

Tarehe 22 Januari 2025 Mamlaka ya Taifa ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zifunge mitandao ya kijamii kwa siku zisizopungua 30 na zisizozidi 90. Facebook na TikTok zikazimwa. Tarehe 27 marufuku ikaondolewa, mamlaka ikisema picha zilizoleta shida zilikuwa zimeondolewa.

Mimi naelewa hofu ya serikali, kwani watu walikuwa wanakufa. Lakini ukizima vyote unamnyamazisha na mwenye kuomba msaada, na yule anayewaambia vijana "acheni, huyu ni jirani yetu." Mama mmoja hapa kambini, mtoto wake yuko Kampala na huongea naye kwa Facebook tu. Siku zile alikuja kwangu kila asubuhi akiuliza, "Mwalimu, imerudi?" Yeye hakumtukana mtu. Aliadhibiwa kwa makosa yetu sisi tulioandika bila kufikiri. Tusipojichunga wenyewe, mwingine atakuja kutuchunga, na yeye hatachagua nani mkosaji.

ZOEZI LA UBAONI

Darasani niliandika sentensi mbili ubaoni. Ya kwanza: "Jana saa nne, kwenye mgao, mtu wa mizani alinipunja mahindi." Ya pili: "Watu wa kabila fulani wote ni wezi." Nikauliza, ipi ni uhuru wa kusema? Wanafunzi wakabishana sana. Mwishoni msichana mmoja akasimama akasema, "Mwalimu, ya kwanza unaweza kwenda kuiuliza kama ni kweli. Ya pili huwezi kuiuliza popote."

Nilimpa alama zote. Ya kwanza ni ushahidi: ina siku, mahali na tendo, na mtu anaweza kujibu. Hata kama inamuudhi mkubwa, iseme. Ya pili haina hata kimoja, ni tusi lililovaa nguo ya ukweli.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Narudi kwa swali lenu wazazi. Msiwanyang'anye. Kaeni nao. Jioni moja, baada ya chakula, mwambieni mtoto afungue simu, naye mzazi afungue yake, kila mmoja aonyeshe kitu cha mwisho alichotuma kwa watu. Kisha ulizeni pamoja:

Kwanza, tunajua kilitokea wapi na lini, ama tumeambiwa tu?

Pili, maneno ya chini yanamtaja aliyetenda, ama yanataja kabila zima au nchi nzima?

Tatu, mtu wa kabila hilo anayeishi mtaa wetu akikisoma, kesho atatoka nje bila kuogopa?

Nne, kama ni picha ya marehemu, tungependa mama yake aione hivi?

Ukiona ubaya wa kweli, usinyamaze. Peleka kwa viongozi wa kambi, kwa watu wa ulinzi wa wakimbizi, kwa wanaohusika na haki za binadamu. Na kama umeshatuma vibaya, futa, halafu rudi kwenye grupu lile lile useme, "Nilikosea." Maji yakimwagika hayazoleki, hiyo ni kweli, lakini unaweza kuzuia mwingine asiteleze.

Mimi nilirudi kwenye grupu letu nikasema hivyo. Nimechelewa kwa Ami. Yeyote atakayesikia alipo yule mzee wa mkate wa Custom, naomba aniambie. Pesa yake nimeiweka.

Mwezi ujao tukutane tena, Mungu akipenda.