Kuunganisha ndege

Kuunganisha ndege ni kushuka kutoka ndege moja na kupanda nyingine katika uwanja wa njiani, ili kufika mahali ambapo hakuna ndege ya moja kwa moja. Kwa wakazi wa Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria, safari za kwenda Ulaya, Asia au Amerika ni za namna hiyo. Uwanja wa Ndege wa Mwanza (kifupi chake ni MWZ), ulioko Ilemela kando ya ziwa, hutumika hasa kwa safari za ndani ya nchi. Msafiri huunganisha kwanza Dar es Salaam (DAR) au Kilimanjaro (JRO), kisha mara nyingi tena Addis Ababa (ADD), Doha (DOH), Dubai (DXB) au Istanbul (IST). Wengine huenda kwa basi hadi Nairobi (NBO) kupitia mpaka wa Sirari, au hadi Entebbe (EBB) kupitia Bukoba na Mutukula.

Historia

Jambo hili si geni Mwanza. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Uingereza Imperial Airways ilianzisha huduma ya barua kutoka Croydon, karibu na London, hadi Mwanza. Hakuna ndege iliyosafiri njia yote. Barua zilihamishwa kati ya ndege za nchi kavu, ndege za kutua majini na hata treni nchini Misri, zikafika ziwani baada ya zaidi ya wiki moja. Mwanzoni abiria waliishia Khartoum, na barua peke yake ziliendelea kusini. Mwaka 1932 njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town ikipitia Kisumu na Nairobi, na Mwanza ikaachwa pembeni.

Tiketi moja au mbili

Swali la kwanza la kuuliza wakati wa kununua, kabla ya bei, ni kama safari yote imo katika tiketi moja. Tiketi moja inaweza kuhusisha mashirika mawili yenye makubaliano. Katika hali hiyo mzigo hufungwa lebo hadi mwisho wa safari, na ndege ya kwanza ikichelewa, shirika lina wajibu wa kumtafutia abiria nafasi katika ndege nyingine.

Kwa tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, kila shirika linajua kipande chake tu. Ndege ya kutoka Mwanza ikizuiwa na mvua au hitilafu, shirika la pili humhesabu msafiri kama mtu ambaye hakufika. Mara nyingi tiketi hiyo hupotea, pamoja na sehemu yake ya kurudi. Mwanafunzi aliyeokoa shilingi laki moja kwa njia hii anaweza kupoteza milioni kadhaa na tarehe ya kuripoti chuoni. Mwenye tiketi mbili afadhali afike Dar es Salaam siku moja kabla. Gharama ya kulala gesti ni ndogo kuliko hasara hiyo.

Mzigo unapokabidhiwa Mwanza, inafaa kusoma herufi 3 kubwa kwenye lebo. Zikiwa DAR, begi litaishia Dar es Salaam na mwenyewe atalichukua huko, hata kama yeye anakwenda Beijing. Kipande cha lebo anachopewa abiria kitunzwe, kwa sababu ndicho ushahidi wake begi likipotea.

Dar es Salaam

Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una majengo ya abiria yaliyotengana. Jengo la pili lilifunguliwa mwaka 1984 na la tatu mwaka 2019. Baada ya hapo safari za kimataifa zilihamia jengo la tatu, na la pili likabaki hasa kwa safari za ndani. Kutoka moja kwenda jingine mtu mwenye mizigo huhitaji gari. Kwa kuwa mashirika huweza kuhamishwa, jengo linalotajwa kwenye tiketi lithibitishwe kabla ya kuondoka.

Ugumu mkubwa uko wakati wa kurudi. Anayetoka nje hupita uhamiaji, huchukua begi, hupita forodha, ndipo huenda kukabidhi mzigo upya kwa safari ya Mwanza. Saa mbili zinazoonekana nyingi kwenye karatasi huweza kuishia kwenye foleni.

Saa na tarehe

Tiketi huandika saa kuanzia usiku wa manane, lakini Waswahili huhesabu kuanzia mapambazuko na machweo. 02:00 ni saa nane usiku, si saa mbili. 08:00 ni saa mbili asubuhi, na anayeisoma kama saa nane mchana atachelewa kwa saa 6 kamili. Waethiopia nao huhesabu kama sisi, ila tiketi na mbao za uwanja wa Addis Ababa hufuata saa za kimataifa.

Tarehe hupoteza watu zaidi. Ndege ya tarehe 15 saa 01:30 huondoka usiku wa kuamkia tarehe 15. Msafiri anatakiwa kuwa uwanjani jioni ya tarehe 14, na kutoka Mwanza mapema siku hiyo au kabla yake. Anayefika jioni ya tarehe 15 amekwisha kuachwa.

Saa zote za tiketi ni za mahali husika. Nairobi, Addis Ababa, Doha na Istanbul zina saa sawa na Tanzania. Dubai na Muscat ziko mbele kwa saa 1.

Viza na chanjo

Nchi nyingine hudai viza hata kwa anayepita tu. Marekani huitaka kwa wapitaji wote wasiosamehewa viza, na kwa kawaida begi huchukuliwa katika uwanja wa kwanza wa kuingilia. Nchi za Schengen huwadai viza ya kupita uwanjani raia wa Kongo, Ethiopia, Eritrea na Somalia, miongoni mwa wengine. Tanzania nayo hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa aliyekaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, kama Kenya, Uganda au Ethiopia.

Kukosa ndege

Katika uwanja mgeni, ndege itafutwe kwa namba yake, kwa kuwa miji kama London huwa na ndege kadhaa kwa siku. Geti huweza kubadilika baada ya pasi ya kupandia kuchapwa, na hufungwa kabla ya saa ya kuruka. Aliyeachwa akiwa na tiketi moja asinunue nyingine wala asitoke nje ya eneo la wapitaji, bali aende kwenye dawati la shirika lililomleta na kuomba pasi mpya. Akilazwa mjini humo, aulize pia begi lake liko wapi, kwani mara nyingi hubaki uwanjani likisubiri ndege ya kesho yake. Dawa na nguo ya kubadilisha ziwe katika mkoba wa mkononi.