Wimbi la Hokusai na Kisu cha Fundi

Wasomaji wengi mumepata kuiona picha ile ya Kijapani ya wimbi kubwa: wimbi limejikunja lenye makucha ya povu, na kwa mbali mlima Fuji umekuwa mdogo kama kichuguu. Tangu mwaka 2024 imo hata katika noti yao ya yeni 1,000. Lakini wengi waitazamao hawazioni mashua. Ziko tatu, hazina tanga, na wapiga makasia wameinama, vichwa vimebanana. Ni mashua za mbio, zilizokuwa zikiwahisha samaki wabichi sokoni Edo, mji uitwao leo Tokyo. Mimi ni mtu wa pwani. Jicho langu huanzia kwa hao.

Picha ilitoka yapata mwaka 1831, katika mfululizo ulioitwa Mandhari Thelathini na Sita ya Fuji (japo mwishowe zilifika 46). Mwenyewe, twaambiwa, ni Katsushika Hokusai, aliyezaliwa 1760 akafa 1849. Hapo nina neno.

Hokusai alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchapishaji, Nishimuraya Yohachi, ndiye aliyetoa fedha na kuwapa mafundi kazi. Fundi wa kuchonga aliibandika karatasi kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, akaifuata mistari kwa kisu, na mchoro ukaishia pale pale. Kwa hivyo mchoro wa asili wa wimbi lile haupo tena duniani. Rangi nazo zikachongewa mbao zake, na ile buluu iliyopendwa mno ilibuniwa Ujerumani. Kisha mchapaji akapaka rangi, akalaza juu karatasi ya magome ya mti wa jamii ya mforsadi, akasugua kwa kibao cha mviringo kilichofunikwa ganda la mwanzi. Mtambo hapana, ni nguvu za mkono.

Sasa yale makucha ya povu ni ya nani? Sisi watunga mashairi mpiga chapa akitukosea herufi moja hatulali. Hapa kila mstari umepita mkononi mwa mtu mwingine, na sahihi ni ya Hokusai peke yake.

Yeye hakuidharau kazi hiyo, maana ujanani alijifunza kuchonga mbao. Alipotoa kitabu chake cha picha mia za Fuji, mwaka 1834, mchongaji alikuwa Egawa Tomekichi, na jina lake likachapwa humo kitabuni.