Kifurushi Kilichokwama Nusu

Malori ya Rusumo hupita Lusahunga usiku na mchana, na madereva wengi hushuka kutafuta nakala za karatasi za mzigo. Kwa hiyo printa ya kijana mmoja mwenye stesheneri kando ya barabara ikilala, riziki yake nayo inalala. Alinipigia simu: alikuwa akiweka programu ya kuendeshea printa kwenye kompyuta ya Ubuntu, umeme ukakatika, na tangu hapo mashine inagoma kuweka programu yoyote nyingine. "Mafaili yake nimeyafuta yote, kaka, lakini bado inalalamika."

Kufuta huko ndiko kulikozidisha tatizo. Ubuntu imerithi utaratibu wa Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993: hali ya kila kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kuwekwa, huandikwa na dpkg kwenye daftari moja, /var/lib/dpkg/status. Ukifuta mafaili kwa mkono, daftari halijui. Ni sawa na kushusha shehena porini huku karatasi zikisema lori limejaa. Mzani utakusimamisha tu.

Nilimwambia aandike dpkg -l na jina la kifurushi. Zikatokea herufi iHR: kiliombwa kiwekwe, kimewekwa nusu, kinatakiwa kuwekwa upya. Kifurushi kizima huonyesha ii.

Dawa ya kwanza huwa sudo dpkg --configure -a, ambayo humalizia vifurushi vilivyokwisha kufunguliwa. Chake hakikuwa kimefunguliwa chote. Njia salama zaidi ni kukiweka upya kwa faili lilelile la .deb lililokibeba, kisha kukiondoa kwa utaratibu. Lakini faili hilo alishalifuta, na kwa kuwa lilitoka kwa mtengenezaji wa printa, apt, chombo cha Ubuntu cha kupakua vifurushi, haikuwa na pa kulichukua. Ikabaki nguvu:

sudo dpkg --remove --force-remove-reinstreq jina-la-kifurushi

Taja kifurushi kimoja tu. Wapo wanaoshauri --force-all. Mimi nakataa kabisa, kwa sababu hiyo huzima karibu kila kinga kwa mkupuo, na unaweza kung'oa kitu ambacho mfumo mzima unakitegemea. Usifute pia mafaili ya kufuli, yanayozuia apt mbili kufanya kazi kwa wakati mmoja, kabla ya kuhakikisha hakuna apt nyingine inayofanya kazi.

Wakati mwingine kizuizi ni hati ndogo ya amri za kuaga, ile yenye mwisho wa .prerm ndani ya /var/lib/dpkg/info. Mara nyingi inajaribu kusimamisha huduma ambayo haikuwahi kuanza, inashindwa, na uondoaji unakwama. Ifungue uisome, kisha andika exit 0 chini ya mstari wa kwanza.

Yule kijana alipoangalia tena baada ya ile amri ya nguvu, herufi zilikuwa rc: kimeondoka, mipangilio imebaki. Akaisafisha kwa sudo dpkg --purge na jina la kifurushi, akamalizia na sudo apt --fix-broken install. Kisha akapakua programu ya printa upya, na safari hii faili la .deb amelihifadhi kwenye flashi.